Tenga la Bi Mwanvita

Siku ya pili Devotha alipowapikia mafundi, aliyekula mboga ni mbwa wa mlinzi. Wanaume ishirini na wawili walimaliza ugali, wakamaliza maharage, kisha mchicha wakausukuma pembeni ya sahani na kwenda kunawa mikono. Devotha aliuzoa akaumwaga nyuma ya rundo la kokoto. Mbwa akaunusa mara mbili, akafikiri kidogo, ndipo akaula. Hata yeye hakuonekana kufurahi.

Erick, msimamizi wa ujenzi, alimsubiri amalize kukusanya vyombo. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na ushei, mwenye kofia ngumu ya njano ambayo mafundi walisema analala nayo. Hosteli ile ya ghorofa tatu, jirani na chuo cha Mazimbu, ilikuwa kazi yake ya kwanza kubwa, na kila kilichoharibika pale, hata mchicha, alikiona kama kimemharibikia yeye.

"Shemeji, mboga hii umenunua lini?"

"Leo asubuhi, shemeji. Sokoni."

"Kununua umenunua leo. Imechumwa lini?"

Devotha hakulielewa swali. Alitoka Kahama, kwenye ukame na majani ya kukausha, na alikuwa na mwezi mmoja tu Morogoro. Kwake yeye jani likiwa la kijani limetosha. Hakujua kwamba wachuuzi wa barabarani huyanyunyizia maji majani ya juzi mpaka yakasimama kama yamechumwa sasa hivi, na kwamba mtu wa Morogoro hutambua ujanja huo akiwa bado upande wa pili wa barabara.

"Hawa watu wanabeba zege," Erick alisema, bila ukali, na hilo ndilo lililomuuma zaidi Devotha. "Kuna mama mmoja ananipigia simu kila siku anaitaka nafasi hii. Nimekupa wewe kwa ajili ya Godlisten. Kesho naangalia mara ya mwisho. Mboga ikiwa hivi tena, keshokutwa usihangaike kuja na masufuria."

Godlisten ni mumewe. Alikuwa fundi pale pale, na wiki ya kwanza tu ya kazi jukwaa lilimwangusha, mguu ukavunjika sehemu mbili. Fidia haikutajwa na mtu. Kilichotajwa ni kwamba mkewe anaweza kuja kupika. Mguu wa mwanaume ulilipwa kwa sufuria, na wenyewe wakashukuru, maana kodi ya chumba haisubiri mfupa uunge.

* * *

Godlisten alikuwa amelala chali godoroni, mguu wenye plasta umewekwa juu ya ndoo iliyofunikwa. Alimsikiliza mkewe mpaka mwisho akiangalia dari.

"Mafundi wa hapa wana msemo wao," alisema hatimaye. "Wanasema mboga ya Morogoro haipandi gari, inashuka kwa miguu. Wanawake wa milimani wanateremka nayo alfajiri. Pale njia ya Choma, kijiji cha huko juu, inapokutana na barabara kuna genge. Jua likishatoka, hukuti kitu."

"Basi nitakwenda."

"Saa kumi na moja? Kwa pikipiki? Mke wangu apande pikipiki gizani kwa ajili ya majani?"

"Nisipoyafuata hayo majani, tutakula nini?"

Hapo Godlisten akageuza uso ukutani. Kwa mtu aliyezoea kujenga nyumba za watu, kulishwa na mkewe lilikuwa jambo zito kuliko plasta, na tangu aanguke alikuwa analibeba vibaya. Devotha akazima taa.

* * *

Kulikuwa hakujapambazuka vizuri Devotha aliposhuka kwenye pikipiki. Mlima ulikuwa umesimama mbele yake mweusi, mkubwa, umeficha nusu ya mbingu, na huko juu aliona vimulimuli vya tochi vikishuka kwa mstari mmoja, vinapotea kwenye kona, vinatokea tena chini zaidi. Alidhani ni wawindaji. Kisha akasikia kicheko cha mwanamke, na sauti nyingine ikimjibu, ya mvuto mvuto ule wa Waluguru ambao hata mtu akisema Kiswahili huonekana anaimba kidogo.

Wakaanza kufika. Na hapa niseme wazi, maana Devotha mwenyewe alisimama mdomo wazi: hakuna kitu kizuri Morogoro nzima kuliko wanawake wale wakitokea gizani. Shingo zimenyooka, mikono inaning'inia huru, ngata kichwani, na juu ya ngata tenga lenye kilo thelathini za majani yaliyolowa umande. Wametembea saa mbili, wengine tatu, kwenye njia ambayo mbuzi mwenyewe angeomba ashikwe mkono. Na bado wanasimuliana habari za harusi. Harufu ya figiri, karoti zenye udongo na njegere mbichi ilishuka pamoja nao.

Kikongwe mmoja alisimama karibu kabisa na Devotha, miguu ameipanua kidogo, akitazama huku na huku. Mzigo wa namna ile mtu hawezi kujitua mwenyewe. Devotha hakufikiri mara mbili. Akamsogelea, akashika ukingo wa tenga upande mmoja, kikongwe akashika wa pili, wakaliteremsha taratibu mpaka chini. Uzito wake ulimshtua. Vidole vilimwasha kwa nusu tu ya mzigo, na kwa hatua moja tu.

"Ahsante, mwanangu," alisema yule bibi, huku akijifuta jasho kwa pembe ya kanga. Jina lake Bi Mwanvita. Alifunua majani ya mgomba yaliyofunika tenga, na Devotha akaona alichokuwa anakitafuta: figiri na mnavu, majani yamesimama yenyewe, bila kunyunyiziwa na mtu.

"Nusu ya hizi ni shilingi ngapi?"

"Elfu nane."

Mfukoni Devotha alikuwa na elfu kumi ya mboga, aliyopewa na Erick. Elfu nane angeweza. Lakini mtu aliyekulia kwenye masoko ya Kahama halipi bei ya kwanza, akilipa huwa amejitukana. Kule kuna ngoma ya kucheza: unashusha, unacheka, unaondoka, unaitwa, unarudi.

"Bibi, elfu tatu. Huko kwenu si zinaota tu kama nyasi?"

Bi Mwanvita alimtazama.

Devotha akacheka kidogo, kama inavyotakiwa. Akageuka, akaondoka taratibu, kama inavyotakiwa. Akahesabu hatua kumi, akisubiri aitwe. Hakuitwa. Haya, akajisemea, matenga ni mengi.

* * *

Alianzia kwa msichana mwenye karoti na figiri, aliyeitwa Zuhura, mtoto wake mchanga amelala mgongoni.

"Dada, figiri hizi kiasi gani?"

"Wewe una tenga lako," Zuhura alijibu, akiendelea kufunga mafungu.

"Tenga gani? Sina tenga."

"Lile pale."

Devotha akadhani ni mzaha. Akaenda kwa wa pili. Wa pili alifunika mzigo wake kwa kanga bila kumwangalia usoni. Wa tatu akamwambia, kwa upole kabisa, "Rudi kwako, mama." Wa nne akacheka. Alipofika kwa wa tano sauti ilikuwa imempanda.

"Hili ni soko au chama cha watu? Hela yangu ina ukoma?"

Genge lote likageuka kumtazama. Mtu mmoja akafyonza. Wachuuzi kutoka mjini, waliokuwa wanapakia bajaji zao, waliacha kazi wapate kuona mgeni anavyogombana na hewa. Devotha alihisi uso unamchoma. Alikuwa na hela mkononi, amezungukwa na chakula, na hakuna anayetaka kumuuzia hata jani moja. Aliwahi kukosa hela akiwa sokoni, aibu hiyo aliijua. Hii ya leo hakuwahi hata kuisikia.

Jua likaanza kugusa kilele. Ilikuwa saa moja kasoro. Saa tatu maji ya ugali yalipaswa kuwa jikoni. Akavuka upande wa pili wa barabara, ambako mchuuzi mmoja alikuwa amepanga mchicha wake mezani na ndoo ya maji pembeni. Devotha akashika fungu. Kwa nje lilikuwa la kijani, linang'aa. Akalifungua katikati, na vidole vikakutana na utelezi. Ndiyo hii, akasema moyoni. Ndiyo hii hii niliyompa mbwa. Akalirudisha mezani, machozi yako karibu.

Aligeuka akamwona Bi Mwanvita. Genge lilikuwa linachangamka kila upande, matenga yanamwagwa, mafungu yanahesabiwa, lakini mbele ya kikongwe yule hapakuwa na mtu hata mmoja. Alikuwa amekaa kwenye jiwe, amelifunika tenga lake tena kwa majani ya mgomba, anaangalia barabara. Mchuuzi mmoja alipita, akainama kuchungulia, Zuhura akamwambia neno, mchuuzi akainuka na kwenda zake.

Devotha alirudi kwa Zuhura, na safari hii hakuuliza bei.

"Dada, mimi ni mgeni. Nimekosa nini?"

Zuhura alimpandisha na kumshusha kwa macho. Huenda ni ile sauti iliyovunjika. Akaacha karoti zake.

"Hapa, anayekutua ndiye anayekufungulia. Ukimtua mtu mzigo, unanunua kwake kwanza, hata fungu la mia tano. Ukishanunua, wengine ndio wanasogea. Wewe umemtua Bi Mwanvita, halafu umemwacha. Hatuwezi kukuuzia, na hao wachuuzi hawawezi kununua kwake. Tenga lake limefungwa."

"Mimi nilitaka kumsaidia tu!"

"Ndiyo hivyo. Zamani wachuuzi walikuwa wanatukimbilia njiani, wanagombania mizigo ikiwa bado kichwani. Huyu anavuta huku, yule anavuta kule. Kuna mama shingo yake ilipinda mpaka leo. Ndipo tukaweka utaratibu kwamba mtu asiguse mzigo kama hanunui, na akishaugusa mmoja, wengine wakae mbali."

"Si aniache tu, auze kwa wengine?"

Zuhura akatabasamu, kwa heshima zaidi kuliko kicheko. "Aliyeweka utaratibu huu ni yeye. Alisimama hapo akagombana na wanaume wenye magari mpaka wakakubali. Sasa leo auvunje kwa sababu ya tenga moja? Bi Mwanvita? Afadhali arudi nalo mlimani."

Devotha alitazama mlima. Akafikiria lile tenga likipanda.

* * *

Kwa Wasukuma wenzake mwanamke humsalimia mkubwa akiwa amepiga magoti, na Devotha, ambaye alfajiri ile alikurupukia bei kabla ya salamu, alipiga magoti pale kwenye vumbi mbele ya genge zima.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Bi Mwanvita aliendelea kuangalia barabara. "Umezunguka soko lote. Umeona za nani nzuri?"

"Sijaona za mtu. Hakuna aliyenifunulia."

Wanawake wa jirani wakaangua kicheko, na mdomo wa kikongwe ukacheza kidogo pembeni.

"Bibi, nisamehe. Sikujua. Nimekuchelewesha, na nimekusemea maneno mabaya."

"Hayo ya nyasi?"

"Hayo."

Bi Mwanvita akanyoosha mguu wake, akauonyesha kama mtu anavyoonyesha kiatu. Kucha ya kidole gumba ilikuwa imeng'oka nusu, damu imekaukia. "Shamba langu limesimama wima, mwanangu. Ukidondosha jembe, unalifuata kwa jirani wa chini. Maji ya kumwagilia nayateka bondeni kwa ndoo. Leo nimetoka saa tisa, nikajikwaa kwenye jiwe ambalo nalijua tangu msichana. Nyasi hazina kazi hiyo." Akauvuta mguu. Sauti yake haikuwa ya kulalamika hata kidogo, ilikuwa ya mtu anayejua bei ya kitu chake. "Unapikia nani?"

Devotha akamweleza yote: mafundi ishirini na wawili, jukwaa, mguu wa Godlisten, mchicha wa jana, na neno la Erick. Hakukusudia kueleza yote, ila lilipotoka moja mengine yalifuata.

Bi Mwanvita alimsikiliza, kisha akafunua tenga. "Nusu ni elfu nane," alisema.

"Elfu nane," alisema Devotha, akampa kwa mikono miwili.

Fungu la mwisho lilipoingia kwenye mfuko, genge likahama. Sijui neno jingine. Wachuuzi waliokuwa wanazungukazunguka kwa mbali walijaa mbele ya lile tenga, mmoja anashika figiri, mwingine anauliza mnavu, na Bi Mwanvita, ambaye dakika moja iliyopita alikuwa kikongwe juu ya jiwe, akawa anapokea, anarudisha chenji na kumkaripia mmoja asimkanyage mgeni wake, vyote kwa pamoja. Kabla ya robo saa tenga lilikuwa tupu. Devotha alisimama akimwangalia na kusahau kwamba amechelewa.

"Wewe bado upo?" Bi Mwanvita alimwita, akamtilia mafungu mawili ya nyongeza juu ya mfuko. "Sikiliza. Usikate kabla ya kuosha. Jani ukilikata ndipo ukaliosha, utamu wote unakwenda na maji. Osha, kung'uta, ndipo ukate. Kitunguu kikishaiva, tia majani, geuza mara tatu, ipua. Ukilifunika umeliua. Haya, nenda, wanaume wasije wakafa njaa."

* * *

Saa saba mchana hapakusikika kitu kwenye ujenzi ule ila vijiko. Mafundi walikula wameinamia sahani, na fundi mmoja mtu mzima, mpiga lipu ambaye jana alisusa kabisa, alikuwa anapangusa mchuzi wa mboga kwa tonge la mwisho. Devotha aliwatazama kutoka jikoni akiwa ameshika mwiko kwa mikono miwili. Furaha ilimjaa mpaka ikamtia woga.

Erick alikuja na sahani yake mkononi.

"Shemeji, leo umepika."

"Nashukuru, shemeji."

"Keshokutwa wanakuja watu wa vigae, wanane. Nakuachia wote." Akajikuna chini ya kofia. "Ila tuongee bei. Mboga nakupa elfu kumi. Tuifanye tano."

"Ya tano ni ile ya jana, shemeji."

"Hapana, hii hii. Si umeifuata kwa wale bibi wa milimani? Wabane tu. Watazipeleka wapi? Huko kwao zinaota zenyewe kama nyasi."

Maneno yalikuwa yale yale, karibu neno kwa neno, na aibu ya alfajiri ikampanda Devotha upya. Alijua kilichokuwa kwenye mizani. Kulikuwa na kodi, kulikuwa na dawa, na kulikuwa na yule mama anayepiga simu kila siku. Elfu tano angeweza kuikubali sasa hivi, halafu kesho akapige magoti vizuri zaidi na kuishusha ile nane ya bibi hadi nne kwa adabu. Watu wengi wangefanya hivyo, na nisingewalaumu.

"Siwezi, shemeji."

"Huwezi nini?"

"Siwezi kumwambia yule bibi elfu nne. Anatoka kwake saa tisa usiku na kilo thelathini kichwani. Nimezishika leo, upande mmoja tu, zimenishinda." "Mboga hii ni elfu kumi. Kama haiwezekani, mpigie yule mama."

Erick alifungua mdomo. Kabla hajasema, mpiga lipu alipaza sauti kutoka kwenye rundo la matofali:

"Msimamizi! Mwulize shemeji kama kuna mboga imebaki!"

"Imeisha!" Erick alifoka, kama yeye ndiye mpishi. Akasimama kidogo, akamtazama Devotha, akaitazama sahani yake mwenyewe, akampa. "Kumi. Na nisikute mchanga."

* * *

Jioni Godlisten alisikiliza habari yote akiwa amejiinua kwa viwiko. Devotha alipofika kwenye yale ya Erick, mumewe alikunja uso.

"Devotha. Na kama angekufukuza?"

"Ningekwenda kumwambia Bi Mwanvita nimefukuzwa."

"Halafu?"

"Halafu basi. Hilo ningeweza kumwambia." Alikuwa anavua viatu, hakuinua kichwa. "Lakini ile elfu nne, Godi, ningeitamkaje mbele yake?"

Devotha alidhani Godlisten amegeukia ukutani tena. Alipoangalia, mumewe alikuwa amechukua simu, ameisogeza karibu na macho, anategesha kengele ya saa kumi alfajiri ya kumwamsha mkewe.